Akko Ameniuliza Kama Nitaiweza Bustani

Alhamisi, Novemba. Mawingu yamesongamana upande wa Nyambene tangu asubuhi, lakini huku kwetu Burat hayajashusha kitu. Joto limekaa juu ya mabati na halina haraka ya kuondoka.

Nimechoka, shajara yangu. Si uchovu wa leo tu. Ni uchovu wa miezi, wa kubeba mitungi ya maji kabla ya shule na tena baada ya shule. Leo nimesinzia katika kipindi cha Hesabu hadi kalamu ikachora mstari mrefu uliokata ukurasa mzima. Mwalimu hakunikemea. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani tuna mgonjwa.

Hatuna mgonjwa. Tuna bustani.

Na sasa tuna jambo jingine. Akko, nyanya yangu aliyemzaa Mama, amepata gari la kumrudisha kwao Korbesa Jumamosi. Bustani hii tuliianza ili asirudi.

Alikuja kwetu mwaka jana, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake wote. Alifunga mlango wa nyumba yake kwa kamba, akapanda lori lililokuwa limebeba mbuzi, akafika mjini na kibuyu kimoja cha maziwa kisicho na maziwa. Wiki za kwanza alikaa mkekani akitazama ukuta. Ukimpa chakula, anashukuru. Ukirudi baadaye, kiko vilevile. Kila jioni aliuliza kama kuna habari ya mvua kutoka Merti, upande wa kwao, na kila jioni alisema kwamba ikinyesha ataenda. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anaenda kuchunga nini.

Mama, ambaye anauza leso na vitambaa sokoni, ndiye aliyesema, "Huyu anahitaji kitu cha kuangalia. Mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote hawezi kuamka bila sababu." Ng'ombe hatungeweza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa mawe na karatasi za plastiki. Basi mvua za vuli zilipokaribia, nikakisafisha mimi, nikapanda sukuma wiki, kunde, mchicha, nyanya na mpapai mmoja pale maji ya bafu yanapotokea.

Akko alitazama siku mbili tatu. Kisha akaomba panga. Alikata matawi ya miiba na kuzungusha ua kama boma la ndama, na mlango wake ni tawi moja zito unaloliburuta. Sijawahi kulifungua bila kuchomwa.

Mvua ilikuja, na bustani ikatushangaza. Mchicha uliota hata mahali ambapo hatukuupanda. Akko alikula majani kwa mara ya kwanza bila kusukumwa, ingawa alilalamika kwa kila tonge. "Haya ni chakula cha mbuzi," alisema. Mama akamjibu, "Basi kula vizuri, jioni tutakukamua." Akko alicheka hadi akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje.

Siku ile niliamini kwamba atakaa.

Kisha kukaja Januari. Bomba la mtaani huleta maji siku chache kwa wiki, na Januari hata siku hizo ziliyumba. Akko akatangaza utaratibu wake. Alisema wakati wa kiangazi ng'ombe hanywi kila siku. Anakwenda malishoni, na siku ya tatu anarudi kisimani, lakini siku hiyo anakunywa mpaka tumbo lijae. Ndivyo ng'ombe wa kwao walivyolelewa, na ndivyo mboga zitakavyolelewa. Siku mbili hakuna tone. Siku ya tatu kila kitalu kinapata mtungi mzima, naye anasimama juu yake akikiimbia polepole wimbo wa kisimani, hadi udongo uache kumeza.

Nilimwambia kwamba shuleni, katika somo la Kilimo, tumefundishwa kuwa mboga hutaka maji kidogo na ya mara kwa mara.

"Hicho kitabu chako kimewahi kuchimba kisima?" akaniuliza.

Nikafuata utaratibu wake. Na kusema kweli, nilifurahia zile siku mbili za kupumzika.

Kunde zilivumilia. Mizizi yake inakwenda chini, na hata jua lilipokuwa kali ziliinamisha majani tu na kungoja. Lakini nyanya zilipasuka kila zilipopata maji mengi ghafla, na tumbili wa kando ya mto wakaja kuzimalizia. Sukuma ililegea siku ya pili, ikainuka siku ya tatu, ikalegea tena, na safari moja haikuinuka.

Nilimkuta Akko amesimama katikati ya kitalu. Alikuwa ameshika shina moja lililokauka, na uso wake ulikuwa kama ule aliokuja nao kutoka Korbesa. Nilijua haoni sukuma. Nilitaka kusema kwamba ni mboga tu, mbegu zipo dukani, lakini nikapiga magoti kuokota majani yaliyoanguka.

Baadaye alisema, "Ng'ombe akikosa maji anatembea kuyafuata. Hii haiendi popote. Imekaa hapa inaningoja mimi."

Kesho yake alianza kumwagilia kila jioni, kwa kikombe, shina kwa shina.

Hapo ndipo uchovu wangu ulipozaliwa. Mboga za kila siku zinataka maji ya kila siku, na Akko ana magoti mabovu. Tulianza kuhifadhi maji yote: ya kuoshea vyombo, ya kufulia, hata ya kutawadha, ambayo yeye hutawadhia ndani ya karai ili yasipotee. Yasipotosha, mimi huenda kuchota kwa jirani mwenye tangi.

Mvua za masika za Aprili zilinipumzisha mgongo kidogo, lakini zilileta viwavi, na kobe mmoja aliyepita chini ya miiba na kula majani yote ya boga lililojiotea, kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Akko hakukubali nimpeleke mbali. Alimbeba hadi nje ya ua, akamwekea maganda ya papai la sokoni, akaniambia kobe si mwizi, ana njaa tu na hajui mipaka ya watu.

Halafu ukaja upepo wa Julai, ule unaotia vumbi hata ndani ya sahani iliyofunikwa. Kila kitu huko nje kilikauka, na kila kiumbe kikakumbuka bustani yetu. Ndege wa mikia mirefu, wale ambao kitabuni wanaitwa pasa, walikuja makundi makundi na kutoboa mapapai kabla hayajaiva. Digidigi walisimama nje ya ua wakinusa. Nilitaka kuwafukuza. Akko akaweka beseni la maji kando ya miiba kila magharibi, maana kwao, watu wakimaliza kunywesha mifugo kisimani, huacha maji kwenye birika la kunyweshea kwa ajili ya wanyama wa porini.

"Lakini Akko, maji hayo nimeyabeba mimi," nikasema.

"Ndiyo. Kwa hivyo thawabu ni yako," akajibu, na kuendelea na kazi yake.

Kuna jioni nilichukia beseni lile. Ninalikiri hapa kwa sababu siwezi kulikiri mezani. Nilikuwa na mitihani ya muhula, mikono ilinuka sabuni ya maji machafu, na nilijiuliza ni nani aliyenituma. Lakini nikimtazama bibi huyu aliyekuwa akitazama ukuta, sasa akibishana na ndege kwa Kiborana kana kwamba ni watoto wa jirani, nilirudi kuchukua mtungi.

Nilifikiri hiyo ndiyo bei ya kumbakisha kwetu.

Leo mchana nimerudi kutoka shuleni nikakuta viatu vya Mjomba mlangoni. Mjomba ni kaka yake Mama, na anaishi Korbesa. Alikuwa amekaa na Akko mkekani, chai imeshapoa, na Mama alikuwa amefunga duka mapema, jambo ambalo hafanyi.

Mvua imenyesha Merti. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba ukoo ulikutana. Sisi Waborana tuna desturi inayoitwa busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo yake yote, wenzake wa ukoo hukaa chini, na kila aliyebakiwa na kitu hutoa, ili aliyepoteza apate pa kuanzia. Wengi wao wenyewe walipoteza, kwa hivyo imechukua muda. Sasa zamu ya Akko imefika. Amepewa ng'ombe anayenyonyesha na mtamba mmoja. Wanamngoja. Gari la Mjomba linarudi Jumamosi.

Nilidhani Akko angeruka juu kwa furaha. Alikaa akivuta uzi wa mkeka.

"Unangoja nini, Mama?" Mjomba akamuuliza. "Ng'ombe ana ndama, anataka mtu wake."

"Ngoja nizungumze na mwenye boma," akasema Akko.

Mjomba alimtazama Mama. Mama alinitazama mimi. Nikaelewa kwamba mwenye boma ni mimi.

Akainuka kwa shida, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kunde zimetoa maua, na zile sukuma mpya nilizootesha Septemba zimenifika magotini. Akaburuta lile tawi la mlango, tukasimama ndani.

"Vitu hivi haviwezi kuhama," akasema. "Mimi ninaweza. Nikienda, nani atavinywesha? Mama yako yuko sokoni. Baba yako yuko barabarani na lori lake. Uko wewe na vitabu. Ukiniambia hutaweza peke yako, ninakaa. Mjomba wako atamlea yule ng'ombe, sitakasirika. Niambie ukweli tu."

Shajara, nilikuwa nimesinzia darasani saa chache kabla. Ukweli ulikuwa hapo mdomoni, tena ukweli mtupu: Akko, siwezi, nimechoka. Ningeusema, asingeondoka. Ningebaki na bibi yangu, na vicheko vyake, na kikombe chake kila jioni. Na hakuna mtu angenilaumu, kwa sababu nisingekuwa nimedanganya.

Lakini nilimwona alivyokuwa amesimama. Miguu ilikuwa bustanini, uso ulikuwa umegeukia kaskazini.

"Nitaweza," nikasema.

"Umejibu haraka sana, intala, msichana wangu. Mtu anayeweza hufikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu nilipoona viatu vya Mjomba."

Akacheka, na akaniita mjanja, na akasema mjanja lazima ale sana kwa sababu ujanja unakausha mwili. Kisha akaanza kunipa maagizo. Sukuma nipunguze, nibakize mistari miwili, ile ya karibu na bafu. Kunde niziache zienee, hazinisumbui. Nyanya nisipande hadi nimalize mitihani. Kwa kila neno alikuwa akinipunguzia mzigo, na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa na kuangalia chini ili asione macho.

Nadhani aliyaona.

Sasa anafunga vitu vyake. Havijai hata mfuko mmoja. Mama anamwandalia sukari na majani ya chai, na wote wawili wanasema kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama watu wanaoogopa kimya. Mimi nimejificha hapa na simu, ninakuandikia.

Nimekuwa nikijiuliza kama tulishindwa. Tulipanda bustani ili asiondoke, na anaondoka. Lakini yule aliyeshuka kwenye lori la mbuzi asingeweza kupanda gari la Jumamosi. Hakuwa na nguvu za kumlea hata kuku. Labda bustani ilifanya kazi yake, ila si ile tuliyoipa.

Ninajaribu kufurahi. Sehemu yangu imefurahi kweli. Sehemu nyingine inataka tu kulala hadi muhula uishe.

Jumapili asubuhi nitaamka na hakutakuwa na mtu anayebishana na ndege. Ndipo nitakapojua kama leo nilimwambia Akko ukweli.