Ramani Iliyotupaka Rangi Hafifu

Jumatatu, 3 Machi
Koboko nzima hakuna mtu anazikwa vizuri bila mimi. Msemaji wa ukoo ni mimi. Nikisoma ripoti ya ugonjwa wa marehemu kaburini, hata jenerali anavua kofia, na mmoja alilia siku tatu.
Leo redio imeniharibia chai. Daktari anasema saratani ya tezi dume iko dunia nzima. Nchi tajiri wanaikuta mapema, wengi wanapona. Sisi weusi inatupiga zaidi, tena tunafika hospitali tumechelewa. Lakini kwenye ramani ya dunia upande wetu una rangi hafifu, ya wagonjwa wachache. Kama vile West Nile yetu, hapa Uganda, haina wanaume.

Jumanne, 4 Machi
Bado nimekasirika. Hata ugali wangu wa enyasa sikumaliza. Kesho naenda mjini Arua. Adiru, binti ya dada yangu, ni muuguzi kule. Atanionyesha huyo aliyetuhesabu.

Jumatano, 5 Machi
Nilipanda pikapu ya jirani. Niliisimamisha mara nne, nikague mihogo ya watu. Jirani akanung'unika. Hajui kilimo.
Adiru akafungua ramani kwa simu. Nikamuuliza, nani alikuja Koboko kuhesabu?
"Hakuna, mjomba. Pasipo na karatasi za vifo wanakisia."
Wanakisia. Wanaume wazima, kama uzito wa mbuzi sokoni.
"Na mjomba Kenyi? Barua ya hospitali ilisema tezi dume. Wewe ulisoma nini kaburini?"
Nilisoma ugonjwa wa mgongo. Kenyi ni mdogo wangu, tulimzika kule Dranya mwaka jana. Wakwe wamekaa mbele. Ningetajaje mahali hapo, mama mkwe wake anasikia? Mwenyekiti wa kijiji akaandika hivyo hivyo kwa daftari la vifo.
"Ndugu yake iko kwa hatari zaidi. Toa damu ipimwe leo, mjomba."
Nikamwambia mimi nilibeba fahali kuvuka mto Kaya. Nikaondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Hasira. Kwa ramani. Kwa Adiru. Kwa Kenyi pia, alinyamaza mpaka akashindwa kusimama. Na mimi nikamnyamazia mpaka kaburini.

Jumamosi, 8 Machi
Barua ya hospitali ya Kenyi ilikuwa bado kwenye koti langu la msiba. Nimempelekea mwenyekiti. Kwenye daftari amekata neno mgongo, ameandika tezi dume. Mwandiko wa kuku, lakini unasomeka. Sasa Kenyi amehesabiwa.
Jumatatu narudi Arua kutoa damu.
Ile mihogo ya njiani sikuikagua. Nilikuwa nakojoa. Mara ya nne sikuwahi kufungua zipu.