Chupa ya Jumapili

Jumapili, Machi 6, 1983
Baada ya kanisa nilimpelekea Baba chakula kiwandani. Yeye ndiye huchochea boila la makaa ya mawe. Nikachota tena maji ya bomba la kiwanda linalomwaga mtoni. Meusi kwa majivu — wino! Yale niliyochota Alhamisi yalikuwa safi hata jaribio langu la chokaa, la maonyesho ya sayansi shuleni, likakosa cha kusafisha. Nilidhani nimekosea mahali. Sikukosea.

Jumatatu, Machi 7
Chokaa, kijiko kimoja. Nikakoroga, nikangoja. Majivu yote yakazama! Nikamuuliza Baba mbona kiwandani hawafanyi hivi. Akasema hufanya — Alhamisi tu, siku ambayo mtu wa kanjo, wa baraza la jiji, huja kupima maji. Yeye mwenyewe ndiye humwaga gunia la chokaa. Na watu wa Mukuru, huko chini mtoni, wanafulia maji hayo siku zote saba.

Jumatano, Machi 9
Mwalimu Lusweti ameona chupa zangu za maonyesho: Alhamisi na Jumapili. Amenisifu. Kisha akaniambia nibandue majina ya siku, maana meneja wa kiwanda ndiye mgeni wa heshima Ijumaa. Selpher, tunayekaa naye dawati moja, anasema mtu asiyesikika hata akijibu rejista hawezi kupigana na meneja. Sitapigana. Ila sibandui.

Alhamisi, Machi 10
Nimemwambia Baba kuhusu chupa na meneja. Nilifikiri atanipiga. Alimaliza ugali wake wote, akauliza kama jina lake limeandikwa. Halijaandikwa. Lakini Shauri Moyo nzima inajua mimi ni mtoto wa nani. Akasema akifutwa kazi tutarudi kwetu Siaya, na shule ndiyo basi.
Sijabandua.

Ijumaa, Machi 11
Ukumbini. Naandika kwa penseli, daftari magotini. Mwalimu amepita mara mbili, mara zote amegeuza chupa ya Jumapili, maandishi yatazame ukuta. Mara zote nimeirudisha.

Baba amekuja! Katikati ya zamu, na ovaroli yake, majivu mpaka kwenye nyusi. Amefungua kifurushi cha gazeti, akatoa chupa ya soda. Maji safi kabisa. Leo asubuhi amemwaga chokaa bila kuambiwa na mtu.

"Andika Ijumaa," amesema. "Halafu andika Otiende."

Nimeandika, siku na jina lake. Haendi. Amesimama nyuma ya kiti changu. Meneja yuko meza ya pili, anawachekea wale wa betri za ndimu.

Yetu ni ya tatu.