Sita Waliosema Hawakuona

Jumatano, 6 Aprili 2016

Leo keki ya ghorofa tatu imelala sakafuni. Nimeosha vyombo Jeddah, Durban na kwenye meli ya Wagiriki, sijawahi kuona krimu ikifika mpaka darini!

Jikoni kwetu, hapa hotelini Dubai, kuna milango miwili. Wa kulia ni wa kutokea, wa kushoto wa kuingilia. Basi. Hata mimi wa darasa la sita (la saba nililichungulia dirishani) nilielewa siku ya kwanza. Annah, mhudumu, Mkenya mwenzangu, alikuwa anatoka na keki ya harusi mikononi, mlango wa kulia, sawasawa. Sir Adib, meneja wetu, akaingia kwa mlango huohuo wa kutokea, simu sikioni, mbio. Puu!

Mimi nilikuwa kwenye sinki, mgongo kwao. Nilisikia tu. Nikageuka, Annah amekaa chini kama bibi harusi aliyeachwa, na Sir Adib anapiga kelele ati msichana kapita mlango usio wake.

Waliokuwa wamesimama pale wakiona ni Wafilipino sita. Sita! Joachim, mpishi wa keki, aliyeitengeneza kwa siku mbili, alikuwa hatua mbili tu. Kesho kila kitu kitajulikana. Annah nimemwambia alale.

Alhamisi, 7 Aprili

Hakijajulikana kitu.

Madam Sheikha wa ofisi ya wafanyakazi kawaita mmoja mmoja. Wote sita jibu moja: hawakuona, madam, walikuwa wanaangalia kazi. Joachim naye! Keki yake mwenyewe! Kamera ya jikoni mbovu tangu mwaka jana. Mimi nikasema nimeona kila kitu. Madam akauliza Sir Adib alishika simu kwa mkono gani. Nikasema wa kulia. Akauliza keki ilikuwa ya rangi gani kabla ya kuanguka. Nikasema nyeupe. Ilikuwa ya waridi. Akaniambia yalla, haya, rudi kwenye sahani zako.

Khalas, imekwisha. Annah viza inafutwa. Miaka mitatu hajawahi kuvunja hata kikombe.

Nimemkamata Joachim chumba cha kubadilishia nguo. Nikamuuliza, wewe macho yako ni ya mapambo? Akatazama viatu vyake. Kuya Taib, akasema — kuya kwao ni kaka mkubwa, huniita hivyo wakitaka nipoe — Kuya, si mambo yangu. Nikamwambia haya. Na mimi kuna siku hayatakuwa mambo yangu.

Ninaandika hili hapa ili nisisahau. Joachim. Sita. Nitawalipa mmoja mmoja, na sitaharakisha.

Jumamosi, 9 Aprili

Leo uchaguzi wa Wafilipino umeanza, wanapigia kura hapahapa ubalozi mdogo, mwezi mzima wamepewa. Kwenye basi la kazini kutoka DIP, kwenye mabweni yetu, nikauliza kwa sauti, nani anakwenda? Mmoja ana siku ya kufua. Mwingine ati foleni. Joachim akasema akipiga asipige wakubwa ni walewale, bahala na, yaani liwe liwalo.

Nikawapa hotuba! Nikawaambia kwetu Mombasa watu wanaamka alfajiri kupiga kura, na sisi Wakenya wa Dubai kura hatujapewa, tungepewa tungewaonyesha. Rebecca, yule mhudumu mwenye miwani, mmoja wa wale sita, akaniuliza taratibu: Kuya, mwaka 2013 ulikuwa kwenu, ulipiga?

Nikatazama dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, wallahi. Na jua.

Hawa watu wabaya sana.

Jumanne, 12 Aprili

Annah ameondoka. Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Nimekuta ana boksi kubwa kuliko yeye, limezungushwa utepe wa gundi mpaka linang'aa. Ndani sabuni, makopo ya nyama, chokoleti, viatu vya watoto, taulo mbili za hoteli (hizo siulizi). Ndivyo Wafilipino wanavyotuma vitu kwao, wanajaza kidogo kidogo miezi sita. Hili ni la Rebecca na wenzake. Lile walilokuwa wanajaza la nyumbani kwao wakampa yeye. Jina la Joachim limeandikwa kwenye pakiti ya biskuti.

Annah akacheka huku analia. Aki Taib, akasema, hawa watu wana mikono, mdomo ndio hawana. Mtoto wangu atavaa viatu. Ada ya shule atailipa nani?

Nimerudi nikiwa na hasira mara mbili. Mtu akikukosea halafu akakupa biskuti unamchukia vipi? Nimejaribu. Inawezekana.

Alhamisi, 14 Aprili

Mungu halali!

Jana mchana, zamu ya mapumziko, Sir Adib aliingia jikoni na simu imekufa chaji. Nilimwona kwa macho yangu mawili haya. Kachomoa waya wa friji ya keki, kachomeka simu, kakaa kwenye ndoo anatazama mpira. Akamaliza, akachukua simu yake, akaenda zake. Waya ukabaki unaning'inia. Tulikuwa wawili tu.

Leo asubuhi friji inanuka kama soko la samaki. Keki zote za sherehe ya Ijumaa zimevimba. Na nani anashika friji ile? Joachim! Sir Adib ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Uzembe, akasema, nidhamu hakuna. Jumapili Joachim anaingia ofisini kwa madam, na kila mtu anajua mlango huo unatokea uwanja wa ndege.

Nimeimba nikiosha masufuria. Nimeyaosha yote kwa wimbo. Joachim kakaa kwenye ndoo ileile, aproni mkononi. Ana watoto watatu kwao Iloilo, wa kwanza anaanza chuo Juni. Nilipita nikasema: pole, ndugu. Si mambo yangu.

Tamu! Tamu kuliko keki.

Ila nakaa hapa kitandani, kitu kimoja kinaniwasha. Jana ningeweza kurudisha ule waya. Hatua tatu. Nilisema moyoni, friji si kazi yangu, kazi yangu sahani. Nikapanda basi.

Hilo sitalisoma tena.

Ijumaa, 15 Aprili

Baada ya swala nimempigia Annah Kakamega, nikamweleza ya friji. Nilidhani ataniambia samehe, Annah mtu wa kanisa. Hata! Nyamaza, akasema. Mwache na yeye apande ndege, aone viti vinavyobana. Akauliza, Adib bado yupo? Yupo, nikamwambia, juzi kapewa ofisi yenye dirisha. Akasema, kwa hiyo anabaki yeye tu.

Nimezunguka na hilo siku nzima. Ninamlipiza nani mimi? Namchoma kuku, fisi anakula.

Jioni nikaenda chumba cha Joachim. Rebecca alikuwa amemletea wali, kasimama mlangoni. Nikasema kwa Kiingereza changu cha melini ili kisipotee kitu: mimi nimeona nani kachomoa waya. Joachim akaruka! Nikamwambia kaa. Wewe umeona nani kapita mlango wa kutokea. Jumapili wewe unaingia kwanza. Sema ya Annah, nami nitasema ya friji. Nyamaza, nami nitakuwa na macho ya mapambo.

Akasema nikisema hayo wananifukuza. Nikasema usiposema pia wanakufukuza, chagua uondoke na mdomo au bila. Akatazama viatu tena. Ana viatu gani huyu vya kutazamwa hivyo!

Rebecca akasema, Joachim, mimi pia niliona. Kwa sauti ndogo, kama mtu aliyevunja glasi.

Jumapili, 17 Aprili

Naandika nyuma ya ratiba ya zamu, kwenye benchi nje ya ofisi ya madam. Rebecca yuko kando yangu, hakuitwa, kaja mwenyewe.

Joachim ameingia saa nne kasoro kumi. Kioo cha ukungu, naona kivuli tu. Sikusalimiana naye. Kama atanyamaza nitanyamaza, nimeapa, mimi si mtu wa kurudi nyuma. Rebecca ameniuliza, kweli utanyamaza Kuya? Nimemwambia mimi kwetu naitwa jiwe. Amenipa biskuti.

Saa nne na robo. Bado yumo. Mtu wa kusema sikuona hamalizi dakika ishirini na tano. Sikuona ni neno moja.

Karani ametoka, ameenda haraka kwenye korido ya mameneja.

Huyu hapa Sir Adib anakuja. Bila koti. Simu haipo sikioni. Ametupita hajatuona, amefika mlangoni kwa madam, amesimama.

Amegonga! Miaka mitatu namfahamu, sijawahi kumwona akigonga mlango.

Karani ananiita mimi. Rebecca naye amesimama. Biskuti bado iko mdomoni, naingia kusema ya friji.