Juu ya Kondoo Ishirini na Wanne wa Mama Honorine Walioingia Katika Matoleo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, komuni ya Annexe, Lubumbashi. Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Jina: MWENZE Kalaba Rigobert. Umri: miaka sabini na mmoja. Kazi: katekista wa parokia, zamani fundi wa reli. Makao: nyumba ya tatu nyuma ya kanisa, Annexe.

Nimeapa mbele ya Mungu kwanza, kisha mbele ya Inspekta Chomba, ambaye nilimfundisha katekisimu na ambaye hata hivyo leo namwita Inspekta. Nimekuja kwa hiari yangu kwa ajili ya Guelord Bwalya, mchungaji wa kondoo wa Mama Honorine Kangwa. Amefungwa hapa tangu Dominika jioni, akishtakiwa kwamba alifungua zizi na kutoa kondoo wasio wake. Mke wake, Plamedie, anangoja nje na mtoto mchanga mgongoni.

Mnamo tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi, Mama Honorine aliniita shambani kwake, ambako kunatengwa na ua wa parokia kwa ukuta mmoja tu. Mkwewe, injinia Fils, alikuwa ameleta mashine ya magurudumu manne, yenye kimo cha meza. Mashine hiyo huwaongoza kondoo malishoni na kuwarudisha, ikiwaita kwa sauti ya mtu iliyonaswa ndani yake, na kila baada ya wito huwamwagia pumba za mahindi na chumvi. Mlango wa zizi nao husikiliza: ukiisikia sauti ile na maneno yale, hujifungua. Nje ya hapo, hufunguliwa kwa simu mbili tu, ya Mama Honorine na ya Guelord.

Sauti ya Guelord ilikuwa imekataliwa. Fils alisema: "Papa Katekista, Guelord akiita asubui iko muntu mumoja, akiita mangaribi iko mwengine. Mashine inachanganyikiwa. Lakini weye, tangu niko mutoto, sauti yako haibadilikake."

Mama Honorine akaongeza: "Hata usingizi, kwa mafundisho yako, tunaushikaka kila Dominika dakika ile ile."

Mimi nilishika maneno ya Fils tu. Nakiri kwamba nilijivuna. Kiburi hicho nimekwisha kukiungama kwa padri, nacho hakihusu polisi.

Fils aliniomba niseme "Kuya, kuya," yaani njoo, njoo. Nilikataa, kwa kuwa si maneno ya mtu wa umri wangu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimefungua maandamano ya matoleo kwa maneno haya: "Taifa la Mungu, simameni, twende mbele kwa furaha." Nikayasema hayo, nayo yakanaswa. Fils akashtuka, akitaka maneno nisiyoyasema mahali pengine: "Papa, chagua maneno yenye hausemake fasi ingine!" Nilimjibu kwamba sina maneno ya watu na maneno mengine ya kondoo.

Guelord, aliyekuwa akisafisha kihori, akasema: "Mwache, Fils. Kondoo itamusikia. Ni bantu habamusikiake."

Mnamo Dominika tarehe 11 Mei, sikukuu ya Mchungaji Mwema, Mama Honorine alikuwa Sakania kwa biashara yake. Saa tatu kasoro dakika tano, Guelord aliizima simu yake mbele ya macho yangu na kuiweka katika kikapu cha wanakwaya, kama ilivyo desturi yetu. Kikapu hicho kilikaa chini ya kiti changu hadi mwisho wa misa. Guelord aliimba besi, wala hakutoka hata mara moja.

Siku hiyo ndipo tulipoanza kutumia vipaza sauti vipya. Kimoja kilielekea shamba la Mama Honorine.

Saa nne na nusu, akina mama walipojipanga na unga, ndizi na kuku, nilisema maneno yangu katika mikrofoni. Walikuwa hawajafika nusu ya kanisa wakati kondoo ishirini na wanne walipoingia kwa mlango mkubwa, wakajipanga baina ya unga na kuku. Mashine ilikuja nyuma yao, ikiwasha taa ya kijani, kwa adabu. Vigelegele vilipigwa. Nilidhani ni zawadi ya Mama Honorine kwa heshima ya siku ile, nami nikamtangaza kwa jina, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza makofi yalinizidi.

Kondoo walisimama mbele yangu, wakanitazama. Katika miaka thelathini na mmoja sijatazamwa hivyo na waamini. Sasa naelewa kwamba walikuwa wakingoja chumvi.

Saa saba mchana kondoo wawili walipikwa kwa ajili ya wageni wa parokia. Nami nilikula, bila kujua kwamba si zawadi. Nyama ilikuwa nzuri; nalisema hilo kwa kuwa nimeapa kusema kweli yote.

Saa kumi jioni Mama Honorine alirudi, akanikuta mlangoni mwa kanisa. "Katekista! Nani alikutuma kumupatia Mungu kondoo yangu?"

"Mama, walikuja wenyewe."

"Kondoo haijuake njia ya kanisa! Hata bwana yangu haijuake!"

Kwa kuwa mlango wa zizi haukuvunjwa, akaishtaki simu ya Guelord.

Inspekta, akionyesha chumba cha mahabusu, ameniuliza sasa hivi: "Papa, nitaandika nini? Niweke sauti mu kasho?" Nimemjibu aandike kwamba aliyefungua zizi ni mimi, nikiwa madhabahuni. Guelord aende kwa mtoto wake, nami niketi mahali pake. Nimekuja na koti na kitabu cha sala.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia, na niliyoyasababisha. Nimesomewa, nami nakiri kwamba ni kweli.

(Sahihi) Mwenze Kalaba Rigobert

Maandishi ya ofisa: Kwa ajili ya uhakikisho, shahidi aliombwa kurudia maneno yake. Aliyasema mara moja, akiwa amesimama. Kondoo ishirini na wawili, waliofungwa uani kama vielelezo, walikata kamba na kuingia ofisini kwa mstari. Mmoja alikula karatasi ya mashtaka ya Mama Honorine, ambayo haina nakala. Askari watatu walishindwa kuwatoa. Bwalya Guelord alifunguliwa saa tano na dakika kumi ili awatoe, akawatoa kwa mluzi mmoja, akaenda nao nyumbani. Sikumwita arudi. Shahidi ameombwa kurudi nyumbani na koti lake.

(Sahihi) Inspekta Chomba