Siku Kiroboto Alipojisemea

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwa Fundi Cherehani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote, za waliolala na walio macho, maana wifi yako amejinyoosha kidogo na mimi nimeiba nafasi ya kukuandikia kabla hajaamka na kunitafutia kazi. Hujambo? Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, na kwa jinsi ninavyokujua hutakwenda kwa daktari mpaka ubebwe. Shemeji anaendeleaje na zamu zake za usiku? Mwambie namkumbuka, na suruali yake ya kijivu bado ninayo, kama bado inamwingia.

Sisi hatujambo. Wifi yako amepona kikohozi na amerudi kutuamrisha kwa sauti kamili. Mimi macho ndiyo yanaanza kunikimbia. Uzi natunga mara ya tatu ndipo sindano inakubali, lakini kazi ipo, na mkono haujasahau.

Najua unatafuta habari moja tu na kwamba umeshaanza kuruka mistari. Rudi juu. Nitakufikisha, ila kwa mwendo wangu. Mwenda pole hajikwai.

Ni habari ya mwanao Kiroboto. Nasema mwanao kwa sababu wewe ndiye uliyempa jina hilo alipokuwa hatulii mgongoni, na kwa sababu mwaka jana, alipokataliwa, ni wewe aliyekulilia kwa simu, si mimi. Mimi nilikuwa chumba cha pili najifanya natafuta mkasi.

Kama unavyojua, pale hospitali yeye ni msaidizi wa maabara. Anapokea sampuli za damu kutoka wodini, anazibandika namba, anazipanga, anazipeleka kwenye mashine. Anachokitaka ni yale mafunzo ya wanasayansi wa afya: miaka mitatu ya kusoma huku unafanya kazi, na ukimaliza wewe ndiye unayesoma majibu na kuyatilia sahihi. Mwaka huu ameomba tena, wakamwita tena kwenye usaili. Ila barua yao ilisema wazi kwamba anayeshindwa mara mbili haombi tena. Kwa hiyo hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, Dada, na nyumba nzima tulijua.

Usaili wenyewe ulikuwa wa video. Wasaili ni watatu, wako mji mwingine, kila mmoja ofisini kwake, na wewe uko kwako, mnaonana kwenye kompyuta. Wifi yako aliposikia hivyo akauliza kama watakunywa chai. Tukacheka, lakini hakuwa anatania.

Basi tukaanza kuandaa sebule. Kompyuta aliazimwa na msimamizi wake wa maabara. Tuliiweka mezani, kamera ikawa inamtazama puani, nikaleta majora mawili ya kitambaa cha suti nikaiinulia mpaka ikamkabili machoni. Nyuma yake nikataka kutundika kile kitambaa changu kizuri cha mistari, nilichokuwa nimekificha hata wateja wasikione. Tukajaribu. Mistari ikaanza kucheza kwenye kamera utadhani ina wadudu. Nikakishusha kwa uchungu, nikaweka bitana ya rangi ya kijivu, ambayo siku zote hukaa ndani ya koti na hakuna anayeisifu.

Kisha ikaja suti. Wifi yako alisema nishone koti tu, maana kamera inaishia kifuani na chini anaweza kuvaa kanga. Nilimkatalia. Nimeshona miaka yote hii, sijawahi kutoa nusu ya suti, na sitaanzia kwa mwanangu. Nilimshonea koti na suruali, na suruali nikaitia pindo kwa mkono. Hakuna msaili aliyeiona. Yeye alijua kwamba ipo, na mtu aliyevaa vizuri mpaka chini hukaa tofauti.

Tatizo lilikuwa macho. Alikuwa anazungumza huku anawatazama wale watu kwenye kioo, na kumbe ukifanya hivyo wao wanakuona umeinamisha macho kama mwenye deni. Nikachukua kifungo chekundu cha koti la mtoto, nikakibandika kando ya kamera, nikamwambia, "Hawa ndio wasaili wako. Zungumza na kifungo."

Sasa nikueleze mazoezi. Nilijiweka mwenyekiti, nikaazima miwani ya wifi yako nikaishusha puani. Nikamuuliza, "Umefanya nini kazini ambacho unajivunia?" Akatazama chini. "Aah, tunasaidiana tu." Nikamuuliza ana uwezo gani. "Wa kawaida." Nikamuuliza kwa nini wamchukue yeye. Akasema wako wengi wanaofaa. Nilishindwa kuvumilia, nikaanza kumjibia mimi mwenyewe, tena kwa ufasaha, nikamwaga sifa kama mshenga aliyelipwa vizuri. Wifi yako akanikata: "Huo usaili ni wako au wake?"

Dada, unajua yalikotoka hayo. Mama alitulea kwamba mtu hajisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipata namba ya kwanza shuleni unaingia ndani kimya, unavua viatu, unasubiri mzee aione karatasi mwenyewe. Nami nimewalea wanangu hivyo hivyo na sijutii, maana nyumba ambayo kila mtu anajitangaza haina wa kusikiliza. Lakini wasaili hawaji nyumbani kukaa mwezi mzima wakuone ulivyo. Wana dakika zao chache, na wakiondoka wameondoka.

Jumamosi msimamizi wake alimpa zoezi la kweli, kwa video ile ile. Ni mama mmoja mkavu, hacheki ovyo. Hata kabla hajauliza swali la kwanza, wifi yako akaingia, akainama mbele ya kamera, akamwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za uchovu wa kazi, na akamwomba radhi kwamba hana cha kumpa kwa sababu ya umbali. Kiroboto alitamani ardhi ipasuke. Mama wa watu akajibu salamu zote, moja baada ya nyingine, kwa heshima. Nilimpenda kuanzia hapo.

Mwisho wa zoezi alimwambia maneno ambayo mimi baba nisingeweza kuyasema. "Mwaka jana hukuanguka kwa kutojua. Kila ulichofanya ulikigawa kwa wenzako. Wasaili walipomaliza walikuwa wanamjua kila mtu wa maabara yangu isipokuwa wewe. Ukirudia hivyo Jumanne, watakuacha tena, na watakuwa na haki." Mtoto hakula vizuri siku nzima. Mimi nikawa najipitisha pitisha na pasi, sina la kusema, na wewe unajua hilo kwangu ni ugonjwa.

Jumanne ikafika. Wifi yako nilimpanga kwenye korido azuie wageni, na zaidi nimzuie yeye. Mimi nilikaa hapa kwenye chumba cha kushonea, cherehani nimeizima, maana ukuta kati yetu na sebule ni mbao tu na kila kitu kinapenya. Mara akaingia mwalimu mmoja, mteja wangu, kufuata suruali. Nikaweka kidole mdomoni. Nikampa suruali. Akanionyesha kwa ishara kwamba anataka kuijaribu, nami nikamwonyesha kwa ishara kwamba akithubutu nitamfukuza. Akauliza kwa macho kuna nini. Nikaelekeza ukutani. Basi akavuta kigoda akakaa, tukawa wawili tunasikiliza kama wezi.

Maswali ya mwanzo alijibu. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Kisha mwanamke mmoja kati ya wasaili akamuuliza: tuambie kosa ulilowahi kufanya kazini, na ulifanya nini baada ya hapo.

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Nikaomba uwe umekatika. Mwalimu alinishika mkono.

Halafu nikamsikia. Alisema kwamba asubuhi moja ya kazi nyingi alibandika namba ya mgonjwa mmoja kwenye chupa ya damu ya mgonjwa mwingine, na ya yule kwa huyu. Hakuna aliyeona. Mashine ilipima, na majibu ya mmoja yalikuwa yameshakwenda wodini alipogundua, wakati anasafisha meza, kwamba mpangilio wa vibandiko haukuwa sawa. Angeweza kunyamaza. Alisema hivyo hivyo, "Ningeweza kunyamaza." Akaenda kwa msimamizi akasema nimekosea mimi. Akapiga simu wodini mwenyewe, akamwambia daktari asitumie yale majibu. Daktari alikuwa bado hajaanza dawa. Wagonjwa wote wawili walitolewa damu upya, naye akashuka wodini, akawaomba radhi mmoja mmoja.

Hakuishia hapo. Akasema kwamba baada ya siku ile alibuni utaratibu: chupa za mgonjwa mmoja tu ndizo zinakaa mezani kwa wakati mmoja, na kibandiko hakibandikwi mpaka jina limesomwa kwa sauti, kwenye chupa na kwenye karatasi ya daktari. Alimpelekea msimamizi, wakaujaribu, na sasa maabara nzima inafanya hivyo kila asubuhi. "Utaratibu huo niliutunga mimi," alisema. Sauti ilikuwa ile ile ndogo. Ila safari hii hakumgawia mtu.

Dada, mimi naishi na mtoto huyu. Nala naye, nampigia pasi sare yake. Siku ile ya kosa naikumbuka: aliingia, akasema ana kichwa, akalala bila kula, nikamtania kwamba kazi ya kubandika karatasi imemshinda. Nililijua lile kosa siku moja na watu watatu nisiowajua, kupitia ubao wa ukuta, pamoja na mteja. Nilijisikia fahari, na papo hapo nikaumia. Mwalimu alisahau suruali yake akaondoka bila kuaga. Nadhani alitaka nifute uso bila shahidi.

Mtoto alipotoka sebuleni nilimuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akanitazama, wala hakuwa na hasira. "Kosa niliona aibu, Baba. Na ule utaratibu, ningekuambia ungesema nisijitangaze."

Wifi yako alisimama pale anasubiri nijibu, akachoka kusubiri, akaenda kuchemsha maji. Nimelifikiria tangu Jumanne, na nitakuambia nilipofika, nawe utanisahihisha kwa kuwa ulimjua Mama kwa muda mrefu kuliko mimi. Alitukataza kujisifu. Sidhani alikusudia tujifiche. Aliyefanya kazi akaisema ilivyo, bila kuitia chumvi, huyo hajajisifu. Ametoa taarifa.

Wiki ikaenda kwa shida. Nilishona kola mbili kinyume. Kila simu yake ilipolia tuligeuka sote, hata wateja, maana mwalimu hakuwa ameificha ile habari na mtaa mzima ulikuwa unasubiri pamoja nasi.

Sasa nimekufikisha. Ijumaa hiyo chumba kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na mama mmoja nampima kiuno, mzee wa duka la vitasa anasubiri zipu, na mwalimu aliyekumbuka suruali. Kiroboto aliingia kutoka kazini, simu mkononi. Zamani, unajua angefanyaje: angepita kimya, akamnong'oneze mama yake jikoni, mama yake aje aniambie mimi, na mimi ndiye nitangaze kwa niaba ya ukoo. Safari hii alisimama mlangoni, akatutazama sote.

"Nimechaguliwa," akasema. "Walikuwa wengi, na wamenichagua."

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, tena mengi, nilikuwa nimeyaandaa kwa mwaka mzima. Nikaufunga. Alikuwa ameshasema yote, Dada, na amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi.

Anaanza mwezi ujao. Mpigie simu. Usimuulize sana, we mwache akusimulie, na akifika kwenye ile sehemu ya vibandiko usimkatize.

Msalimie sana shemeji, na wanao wote wawili, na yule jirani yako mpishi aliyetutumia salamu mara ya mwisho. Wifi yako, ambaye nasikia ameamka, anakusalimu na anasema umepungua kwenye ile picha. Mwenyezi Mungu akujalie huko uliko kazi nyepesi na usingizi mzito, na akupe watu wa kukusikiliza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye kwa mara ya kwanza amekosa neno la kuongeza,

Fundi