Moto Ndani ya Kava la Mkanda

Jumatatu, 8 Julai

Baridi. Nimevaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Kwetu Lindi hakuna baridi ya hivi. Hapa Mbinga ukungu unaingia mpaka kwenye viatu. Tumemenya kahawa hadi jioni, mgongo umekufa. Kisha tukaota moto kwenye kava la mkanda wa mashine ya kumenyea, kama kila siku. Fundi alilifungua mwezi uliopita, akaliacha pembeni. Bati zito, limejikunja kama karai. Tukalitia makaa, likawa jiko letu. Mashine inakwenda mkanda ukiwa wazi. Hakuna anayeuangalia tena.

Jumatano, 10 Julai

Amekuja mtaalamu wa usalama kazini. Mashine ilizimwa, ikafunikwa turubai mgeni asiuone mkanda. Amesema mwajiri ana wajibu: vifaa, mafunzo, mashine zenye kinga. Mfanyakazi naye ana wake: asiondoe kinga, asinyamaze akiona hatari. Nilielewa nusu, miguu iliniuma. Akataka tuchague mtu wa kuangalia usalama. Aidani, mwenzangu kutoka Ngumbo, akapaza sauti: "Mmwera wetu wa Lindi huyu hapa, anaogopa hata ukungu!" Wakacheka, wakapiga makofi. Basi nimechaguliwa.

Mtaalamu alikuwa anaota moto wetu huku anafundisha. Hakuna aliyemwambia kwamba makaa yamo ndani ya kinga yenyewe. Hata mimi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeutazama mkanda siku nzima. Unatisha. Mama Ndunguru anachambua kahawa karibu yake, na kila akienda kumwaga mbovu anapita kandokando. Mtandio shingoni, ncha zinaning'inia.

Nilimwendea msimamizi, Bwana Kapinga. Nikamwomba tusimame kidogo turudishe kava. Amesema kahawa iliyochumwa leo lazima imalizike leo, ikilala inaharibika. Halafu akasema si yeye aliyeligeuza kava kuwa jiko. Kweli. Nikawaambia wenzangu tumwage makaa. Aidani akajibu, "Tukimwaga, tukuote wewe?" Wengine wakaguna. Na mimi nilikuwa nasikia baridi. Nikaacha. Najidharau.

Jumamosi, 13 Julai

Leo hata baridi sikuisikia.

Mama Ndunguru aliinama kuokota kahawa iliyomwagika. Mkanda ukashika ncha ya mtandio, ukamvuta. Hakupiga hata kelele, hakuwa na pumzi. Nilikuwa na kisu cha magunia. Nikaukata mtandio karibu kabisa na shingo. Aidani akazima injini. Mama ana alama nyekundu kooni. Alikaa chini, akauliza, "Kipande cha mtandio wangu kiko wapi?"

Bwana Kapinga alimpa maji. Akampa pole. Halafu akasema tuwashe, kahawa inasubiri. Nikasema haiwashwi bila kava. Sauti ilitoka ndogo. Akasema watu wanaotaka kazi wamejaa barabarani, nisirudi Jumatatu. Nikasimama pale pale mbele ya injini kwa sababu sikujua pa kwenda. Aidani ndiye aliyemwaga makaa. Akalibeba kava kwa magunia mawili, likiwa bado la moto. Tukalifunga.

Jumapili, 14 Julai

Nimelala. Mwili wote unauma. Sijui kama nina kazi. Lindi ni mbali.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda hivyo hivyo. Bwana Kapinga hakunisalimia. Alinionyesha magunia kwa kidevu, nikaanza kubeba. Nadhani nina kazi.

Kava limekaa mahali pake. Jeusi kwa masizi, limepinda kwa joto, linagongagonga mashine ikienda. Lakini linafunika. Asubuhi hapakuwa na moto. Vidole vilikufa ganzi na hakuna aliyenisemesha.

Mchana amekuja Mama Ndunguru. Shikamoo mama. Marahaba, baba. Mtandio ni ule ule, ameushona, ncha amezichomeka ndani ya sweta. Alikuwa na ndoo kichwani. Ndani mawe matatu ya mafiga. Akayapanga nyuma ya ukuta, mbali na mashine. Aidani akaenda kutafuta kuni.

Wakaniachia nafasi upande usio na moshi. Nimeota moto.