Baba, Rehema Amelitaja Jina Lako

Baba,

Nakuandikia ili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine: mkweo Rehema amelitaja jina lako. Amelitaja mchana kweupe, mbele za watu, wodini kwetu Kibiti, na aliyemlazimisha ni mimi mwanao Mwajuma. Kama una hasira huko uliko, njoo nayo kwangu. Yeye muache, amelia vya kutosha.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Mama anakaa na mimi sasa, kutwa ananung'unika kwamba samaki wa huku wanafika sokoni wamechoka. Kaka Saidi amebaki kisiwani na shamba lako la mpunga. Yeye na Rehema wamepata mtoto wa kiume, Baba, aliyezaliwa baada ya arobaini yako, na wakampa jina lako. Shamte Saidi Shamte: wewe mwanzo, wewe mwisho, baba yake katikati. Nilipomwona nilicheka huku nalia, maana amechukua masikio yako yale makubwa, maskini.

Lakini mila ya kwetu unaijua. Mke hamtaji baba mkwe kwa jina, awe hai au amekufa. Kwa hiyo Rehema anamwita mwanawe Babu. Babu njoo unyonye, Babu umejikojolea tena. Sote tukamzoea hivyo.

Mwezi uliopita Babu akapata malaria. Wakamnunulia dawa za dukani wakidhani homa itashuka, wakachelewa. Walipovuka kwa boti hadi Nyamisati na kufika hospitalini, viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe na anatweta. Daktari akasema aongezewe damu, tena haraka. Mimi ndiye niliyekuwa zamu maabara, kwa hiyo mimi ndiye wa kumtoa damu ya kupima, tujue kundi lake na tumtafutie inayolingana.

Unakumbuka nilivyokuwa najifunza kazi hii? Ulikuwa ukininyooshea mkono barazani, mkono ule wa kukata boriti za mikoko, mishipa imesimama kama kamba. Sindano sikukuchoma, mwalimu alikataza kujifunzia majumbani. Nilikuwa nafunga tu mpira juu ya kiwiko na kuutafuta mshipa kwa ncha ya kidole, kwa sababu jicho peke yake hudanganya. Nikichelewa kuufungua, unapiga kelele: "We mumiani, mkono unakufa ganzi!" Na siku uliyokuja kupimwa kweli, nilipopaka spiriti ukainama ukaipuliza ikauke. Nikapaka upya. Ukapuliza tena! Nilikugombeza mbele za wagonjwa, kwamba pumzi ina vijidudu na ngozi huachwa ikauke yenyewe. Mama anasema ulirudi nyumbani ukitamba kwamba binti yako amekuwa mkali. Nimekukumbuka sana, Baba.

Basi nikaingia wodi ya watoto na trei yangu. Msimu wa malaria kitanda kimoja hulaza watoto wawili. Babu wetu alikuwa upande wa ukutani, na pembeni yake mtoto wa mama mmoja wa kijiji cha Mahege, umri uleule, naye anasubiri damu. Nina karatasi mbili za daktari mkononi. Kanuni yetu ni kwamba humwambii mzazi, "Huyu ni fulani, siyo?" Mtu mwenye hofu huitikia lolote. Unamuuliza, analitaja jina lote kwa kinywa chake, unalilinganisha na karatasi, ndipo unagusa mkono.

Nikamuuliza yule mama wa Mahege mtoto wake anaitwa nani.

"Babu," akasema.

Nilishtuka. Naye mwanawe alibeba jina la mkwe. Nikamgeukia Rehema.

"Wifi jamani, si unamjua? Babu huyu."

Ni kweli nilimjua. Ningeweza kuandika jina mwenyewe na hakuna ambaye angeuliza. Lakini mimi nilikuwa narudi maabara. Mfuko wa damu ungeletwa na nesi, naye angemuuliza mama jina la mtoto kabla ya kuutundika. Akijibiwa Babu, kwenye kitanda chenye Babu wawili? Damu isiyolingana inaweza kumuua mtoto unamtazama. Nikamwambia Rehema hivyohivyo, bila kupunguza.

Akatikisa kichwa. "Mie siwezi, wifi. Nitakosa radhi ya baba."

Nilitamani kumkumbatia, na nilitamani kumtikisa. Wanawake wa vitanda vya jirani wakaanza kunilaumu, eti namdhalilisha mwenzangu. Mtoto anahema. Nikamwambia, "Huyo unayemwogopa ni baba yangu, namjua. Litaje."

Akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akasema, "Shamte." Akavuta pumzi. "Shamte Saidi Shamte."

Baba, sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa sauti tangu siku mtoto alipopewa. Nyumbani tunasema marehemu, tunasema mzee. Nikalilinganisha na karatasi, herufi kwa herufi.

Nikafunga mpira, nikapapasa, nikaupata mshipa, mdogo kama uzi. Damu ilipotosha nikafungua mpira kwanza, ndipo nikachomoa sindano, na Rehema akakandamiza pamba. Sindano ikaenda moja kwa moja kwenye boksi lake bila kurudishiwa kifuniko. Kwenye kufunika ndipo wengi wetu hujichoma. Kichupa nikakigeuza juu chini taratibu, damu ichanganyike na dawa isigande. Kukitikisa kwa nguvu huiharibu. Na palepale kitandani, kabla sijamgusa mtoto wa pili, nikaandika jina lako kwenye kichupa. Nikavua glavu, nikasafisha mikono, nikavaa nyingine. Yule mama wa Mahege, aliyekuwa anatazama yote, akamtaja mkwe wake kwa sauti ndogo, machozi yanamtoka.

Damu ilipokuja Rehema aliulizwa tena. Nesi anasema safari hiyo alijibu upesi. Watoto wote wawili walipona, na wetu amerudi kisiwani anavuta nywele za kila anayembeba.

Tatizo ni mama yake. Saidi amenipigia simu: Rehema hapiti tena njia ya makaburini. Akienda kisimani anazunguka nyuma ya mashamba, anasema ana aibu na wewe. Hata kula hali vizuri. Inaniuma, maana mimi ndiye niliyemshikilia mpaka akasema, na ningemshikilia tena.

Ijumaa navuka na Mama. Nitamshika Rehema mkono mpaka kaburini kwako, tukusomee Fatiha, kisha nitamsomea barua hii hapohapo. Nakuahidi pia kwamba kila mama atakayeletwa mbele yangu na Babu wake nitamuuliza kwa upole zaidi, lakini nitamuuliza.

Kwaheri, Baba yangu. Rehema akifika hatasema neno, anakuogopa. Mpe radhi yake. Aliambiwa achague kati ya heshima yako na uhai wa mjukuu wako, akamchagua mjukuu. Nami nakujua. Hata wewe ungemchagua yeye.

Mwanao,
Mwajuma